Jiko la Juu Halina Mtu

Wacha niwaambie vile nilikaribia kupoteza kazi kwa sababu ya wingu. Si mvua, si mafuriko. Wingu. Mjukuu wangu nikimwambia hii maneno anacheka mpaka anashika ukuta, lakini mimi hiyo wiki sikucheka. Nilikuwa nimekasirika mpaka siku moja nikatia chai chumvi nikidhani ni sukari, na madereva wakainywa wakanyamaza, wakiogopa uso wangu.

Mimi ni mama wa chai. Kampuni yetu inauza mbegu na mbolea hapa Eldoret, na nimechemsha chai hapo tangu ikiwa chumba moja na jiko ya makaa nje, bosi bado kijana, anabeba magunia na mgongo yake mwenyewe. Saa hii ni nyumba ya gorofa. Juu ni ofisi, chini ni stoo, na hapo ngazi inapoanzia ndio jikoni yangu. Wenye tulitoka nao magharibi wananiita Kukhu, Wakalenjin wananiita Kogo, bosi ananiita Mama, na wote wanamaanisha kitu moja tu: nyanya, chai iko wapi?

Zamani mambo ilikuwa rahisi. Mtu akitaka chai alisimama juu ya ngazi akapiga nduru: "Kukhuuu! Tatu, moja strungi!" Strungi ni ile haina maziwa. Na mimi nilijibu kutoka chini, "Sukari ngapi?" na barabara nzima ilijua nani amekatazwa sukari na daktari. Halafu akaja mama wa kusimamia mambo ya ofisi, tunamwita Madam. Mtu msafi, viatu vyake vinasikika kabla yake. Akasema hii kelele wageni wanadhani ni soko. Kuanzia leo chai inaombwa kwa imeili. Na bila oda, chai isipande ngazi, maziwa inaharibika bure.

Imeili! Mimi niliacha shule darasa la tatu, wakati ng'ombe yetu ilizaa na hakukuwa na mwingine wa kuichunga. Nasoma, ndiyo, lakini nasoma na kidole. Wakaniletea kompyuta nzee, wakaiweka kwa rafu katikati ya unga na majani chai, wakaipatia jina la imeili: jikoni. Fundi wa kompyuta akanionyesha. Ikilia ting, finya hapa, soma. Huyo fundi ni mtu mzima, ndevu imeanza kuwa nyeupe, lakini kwangu ni kijana. Na nikuambie ukweli, nilizoea. Hata nikaanza kuipenda hiyo ting. Ikilia nasema "haya, nakuja" kama vile iko na masikio.

Lakini Madam hakuwa amemaliza na mimi. Alienda Nairobi akaona mashine ya chai. Unafinya kitufe, inatema kikombe. Akarudi akaniambia kama mtu ameniletea zawadi, "Mama, sasa utapumzika."

Kupumzika! Wakisema hivyo kwa mtu wa umri wangu jua wanataka uende nyumbani. Na nyumbani nitaongea na nani? Kuku? Kuku ya kwangu haijibu, na ikijibu ni kuomba mahindi. Mzee wangu alishaenda kitambo, watoto wako kila mahali. Hapa kazini watu thelathini wananisalimia kabla saa tatu. Naamka huko mtaani kwetu West Indies kukiwa bado giza, nafurahi kwenda. Hiyo ndiyo nilikuwa naenda kupoteza, si kitu ingine.

Bosi akasema hivi: watu wa mashine waje Ijumaa waonyeshe, halafu yeye ataamua. Basi mimi nikajipanga. Nikasema hiyo wiki kila kikombe kitafika kikiwa moto, mandazi laini, hata sahani nitapanguza chini yake. Na ni hiyo wiki fundi alichagua kuleta wingu yake. Si angengoja?

Alituita wote hapo stoo, akasimama juu ya gunia, akasema, "Kuanzia wikendi tunahama."

Sasa kwa huu mji usimwambie mtu wa rika yangu neno kuhama hivyo hivyo. Tulihama vya kutosha wakati wa vita vya uchaguzi. Nikauliza, "Tunahamia wapi?"

"Si nyinyi, Kogo. Ni imeili ndio inahama. Inatoka kwa hii seva yetu hapa inaenda klaudi."

"Hiyo ni wapi?"

"Ni kama wingu."

"Juu?"

"Si juu hivyo. Ni mashine za watu wengine, ziko mbali."

"Basi si useme mbali! Wingu ya nini?"

Watu wakacheka, na yeye akakuna ndevu. Akasema hawatahama wote mara moja. Ofisi ya juu itatangulia. Stoo, madereva na jikoni tutabaki kwa ile ya zamani kwanza. Nikasema si nilijua tu. Wa juu wanaenda juu, wa chini tunabaki chini. Dereva moja akaniambia, "Kukhu, hata mbinguni tutaingilia mlango wa nyuma."

Hiyo seva ya zamani ni jirani yangu. Iko kwa chumba kidogo kando ya jikoni, inakaa kama kabati, inanguruma mchana na usiku. Na iko na joto! Asubuhi ya Eldoret mnaijua, unga wa mandazi unakaa tu hapo kama jiwe, haufuri. Basi mimi, miaka yote hiyo, nilikuwa naweka karai ya unga juu ya hiyo kabati, nafunika na kitambaa, na kabla ya saa moja imefura vizuri kabisa. Fundi hakujua. Yeye anaingianga saa tatu.

Jumatatu ikafika. Maziwa ya kutoka Cheptiret imekuja mapema, tangawizi nimeponda, naskiza ting. Ting ya stoo ikaja. Chai nne. Ting ya madereva ikaja. Ya juu, kimya. Saa nne kimya. Saa kumi kimya. Nikasema labda wako na mkutano, watu wa mkutano wanasahau hata mkojo.

Jumanne, kimya. Nikapanguza hiyo kompyuta na kitambaa, nikaigonga kidogo kwa mgongo. Stoo wakaomba strungi sita, ikalia vizuri. Kwa hivyo si mbovu. Ni wao hawataki.

Mnaniuliza kwa nini sikupanda ngazi nikawauliza. Nyinyi nanyi! Kwanza kuna sheria ya Madam, bila oda usipande. Pili, chai hailazimishwi mtu. Mahali nilizaliwa mtu akikataa chai yako, huendi kumuuliza sababu, unaenda kukaa chini ujiulize wewe. Na mimi nilijiuliza. Nikasema, ahaa. Wameshaamua. Wanajaribu wiki moja bila mimi waone kama watakufa.

Na dalili nikaziona. Msichana wa mapokezi nilimwona na macho yangu akivuka barabara kununua soda. Yule mwanaume wa mauzo, mwenye kula mandazi zangu nne kila siku na kuficha ya tano kwa mfuko, Jumatano akaingia na flaski kutoka kwake. Flaski ya maua! Imefungwa na mke wake ndani ya karatasi. Alipita mlango wangu akiangalia upande ile ingine kama mtu amebeba mtoto wa kuiba.

"Habari ya asubuhi," akasema.

"Mzuri," nikasema.

Hiyo tu. Huyo mtu hunipatia habari ya nyumba yake yote, mpaka meno ya mtoto. Sasa "habari ya asubuhi," kama askari wa benki.

Msichana wa mapokezi yeye akaropoka kidogo, tukikutana kwa bomba ya maji. "Kukhu, umetulenga vibaya. Lakini ni sawa tu."

"Nimelenga nani? Mimi nina bunduki?"

"Aki Kukhu. Wewe jua tu umetulenga."

Akaenda. Nikabaki na ndoo nikimkasirikia. Watoto wa siku hizi wanaongea na wewe kwa Kiswahili unarudi nyumbani kuuliza mjukuu. Na mjukuu akaniambia jioni, "Kukhu, kulenga ni kumpuuza mtu, kumnyamazia." Hapo ndio nilikasirika mara mbili. Mimi ndio nimewanyamazia? Wao ndio hawaombi chai, halafu nimewanyamazia! Huo ni uchokozi. Sikulala vizuri.

Alhamisi nilikutana na bosi kwa mlango mkubwa. Mimi na yeye tumetoka mbali. Mama yake akiwa mgonjwa mimi ndio nilikuwa nampikia uji. Akasimama kama anataka kusema kitu. Mimi pia nikasimama kama nataka kusema kitu. Akasema, "Mama, mvua itanyesha." Nikasema, "Itanyesha, Mzee." Tukaachana. Watu wazima wawili, tunaongea juu ya mvua!

Ijumaa nilikuja na mfuko tupu kwa mkoba. Wa kubebea sufuria yangu. Ile kubwa ni yangu, nilinunua mwenyewe, na sikuwa naenda kuiachia mashine.

Nikakanda unga hata hivyo, kwa sababu madereva hawana makosa. Nikaweka juu ya kabati. Saa moja, haujafura. Saa mbili, bado. Nikashika hiyo kabati na kiganja: vuguvugu tu, kama chai imesahauliwa kwa meza. Nikasema hata wewe! Hata wewe umenigeuka. Nikauacha hapo ukae zaidi.

Na fundi siku hiyo, badala ya saa tatu, akaingia saa mbili na nusu. Nikasikia kelele.

"Kogo! KOGO! Hii ni nini juu ya seva yangu?"

"Ni unga."

"Unga! Juu ya seva! Tangu lini?"

"Tangu uoe," nikamwambia. Na watoto wake wako sekondari.

Akashika kichwa na mikono miwili. Akasema maji ya huo unga ingeanguka ndani, kampuni yote ingelala. Mimi sikuwa na nguvu ya kuogopa. Nikamwambia, "Usijali, leo ni siku yangu ya mwisho. Na hiyo kabati yako imekufa, haina joto."

"Haijakufa. Nusu ya watu wamehama ndio maana haifanyi kazi sana." Halafu akanigeukia. "Siku ya mwisho kwa nini?"

"Uliza watu wako wa juu. Tangu Jumatatu hakuna hata moja ameomba chai."

"Kogo, wanasema wewe ndio unakataa."

"Nani anasema?"

"Wote. Mimi mwenyewe nimesikia wakisema umewakasirikia kwa sababu ya mashine. Wanasema wanakuandikia na hujibu."

Nikamvuta na mkono ya shati mpaka kwa kompyuta yangu. Nikamwonyesha na kidole. Stoo. Madereva. Stoo. Stoo. "Haya, nionyeshe mtu wa juu hapo."

Aliangalia. Akafinya hapa, akafinya pale. Halafu uso wake ukabadilika, mimi nikajua huyu mtu amekumbuka kitu alifanya.

"Woi, Kogo," akasema polepole. "Iko jikoni mbili."

"Ati?"

"Nilipokuwa natayarisha kuhama, nilifungua sanduku la barua la jikoni huko klaudi mapema, nikasema mtalihamia baadaye. Sasa watu wa juu wakiandika jikoni, imeili inaenda kwa ile ya huko. Watu wa chini wakiandika, inakuja kwa hii yako."

"Na hiyo jikoni ya huko, nani anapika?"

"Hakuna mtu."

Mnielewe vizuri. Siku nne, watu wameombea chai jikoni haina moto, haina maziwa, haina hata panya. Nilitaka kumpiga na mwiko na nilitaka kumkumbatia, sikujua nianze na gani. Nikamwambia, "Fungua. Soma yote."

Akafungua kwa simu yake, akanisomea nikiwa nimeshika meza. Jumatatu: "Kukhu chai mbili na mandazi, halafu mandazi tena." Huyo ni wa mauzo. Jumatatu tena: "Tatu, moja strungi." Mapokezi: "Kukhu wangu, na tangawizi leo, niko na homa." Maskini, alikuwa na homa, ndio alikuwa anaenda kununua soda ya moto, ile haijawekwa kwa friji! Na kila mtu aliomba mara moja tu. Hakuna hata moja alirudia. Na hapo nikawaelewa, kwa sababu ni mimi mwenyewe. Kwetu huku, wa magharibi na Wakalenjin wote ni sawa kwa hii kitu: mtu mwenye heshima akiomba chai ikose kuja, haombi tena. Ukiomba mara mbili wewe si mgeni, wewe ni mwombaji. Basi wao juu wamenuna, mimi chini nimenuna, na hakuna mtu wa kushuka wala wa kupanda. Fundi yeye hakushtuka kwa sababu yeye haombi, anaingianga tu na kikombe yake anachota kwa sufuria.

Ya Madam ilikuwa ya jana: "Jikoni, kesho saa nne wageni wanane. Kama hamtaweza mnijulishe." Hamtaweza! Kwani mimi ni wangapi?

Halafu fundi akapunguza sauti. "Iko moja ya bosi. Ya Jumatano."

"Soma."

"'Mama, kama nimekukosea, uniambie.'"

Hapo nilikaa kwa gunia. Jumatano aliandika. Alhamisi akaniambia mvua itanyesha. Maskini ya Mungu, alikuwa anangoja jibu.

Nikaangalia saa. Tatu na robo. Nikamwambia fundi, "Washa moto wa pili. Leo utajua kazi."

Unga haukuwa umefura na sikungoja. Nikaukata hivyo hivyo, mandazi zikatoka ndogo na ngumu kidogo, wacha zikae. Maziwa nikaweka yote. Saa nne kamili nilikuwa nimepanda ngazi na sinia, fundi nyuma yangu amebeba chupa tatu za chai na anahema. Bila oda. Hiyo sheria niliiruka kama mtaro.

Mashine ilikuwa imeshafika. Imekaa mezani inang'aa, na vijana wawili wenye tai wanafinya, wale wageni wengine wamekaa wanaangalia. Bosi ameshika kikombe cha karatasi, anakiangalia kama mtu ameangalia maji ya kuoshea kikombe. Wote wakageuka kuniona.

Madam akasema, "Leo umeamua kutuhudumia?"

"Madam," nikasema, "chai yenu ilikuwa inaenda wingu. Muulizeni huyu."

Fundi akaeleza. Akasema majiko mawili, akasema samahani, akasema ni makosa yake, akasema tena majiko mawili. Nilimwona wa mauzo akishusha macho kwa flaski yake ya maua, akaisukuma na mguu chini ya meza.

Bosi akauliza, "Kwa hivyo siku nne tumekuwa tukiagiza kwa jiko halina mtu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe ulidhani hatutaki chai yako."

"Ndiyo, Mzee. Nilikuja na mfuko wa sufuria."

Akageukia hao vijana. "Hii yenu inapokea oda namna gani?"

Kijana moja akafurahi, maskini, akasimama wima. "Hiyo ndio uzuri yake, sir. Mtu anaagiza akiwa kwa dawati lake. Iko kwa klaudi!"

Nyumba ilipasuka. Msichana wa mapokezi alicheka mpaka akakohoa ile homa yake yote. Hata Madam aliweka mkono kwa mdomo, na mimi nilimwona. Bosi akapanguza macho, akawaambia, "Basi rudisheni huko huko. Huko ndiko kuna jikoni haina mtu."

Nikamimina. Nikampatia bosi wa kwanza, kwa kikombe chake cha bati cha zamani, kile cha wakati wa magunia. Alikunywa, akamaliza, akaninyoshea kikombe.

"Ongeza," akasema.

Na huyo si mtu wa kuomba mara mbili.

Basi niko bado. Jikoni ilihamishwa klaudi wiki ile ile, na ile kabati baadaye ikazimwa kabisa, sasa unga naufunika na sweta yangu na unafura ukitaka wenyewe. Na hiyo imeili mpya, haki ya Mungu, itaniua. Kila asubuhi nikiwasha, kabla inionyeshe hata oda moja, inatuma namba kwa simu yangu, inanikazia macho na kuniandikia: thibitisha kwamba ni wewe.

Natafuta miwani. Natafuta simu. Maziwa inapanda. Nasoma hiyo namba na kidole, moja moja, na naiuliza kwa sauti mpaka walinzi wananisikia huko nje: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na hii baridi, kwa hii jikoni, ingekuwa nani mwingine?